UZI: Mbwa amekula sumu? Weka chini hiyo chupa ya maziwa kwanza

mzee_wa_mkia (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila baada ya siku chache naona mtu anaingia humu mbio mbio: "Mbwa wangu amekula sumu, nifanyeje?" Jibu la kwanza ni lile lile, mpe maziwa. La pili, mafuta ya kula. La tatu, chumvi nyingi atapike. Mimi nilikuwa miongoni mwa wajibuji hao, tena mwenye kelele, kwa sababu nilikuwa na ushahidi wangu mkononi.

Ushahidi wenyewe ndio huu. Dume langu la kilo 22 lilipasua pakiti ya sumu ya panya stoo. Nilimkuta mdomo wote bluu. Nikambana katikati ya magoti, nikammiminia maziwa karibu nusu lita. Akatapika kidogo, akalala. Jioni akala vizuri, akabweka kama kawaida yake. Siku ya pili mzima. Siku ya tatu mzima. Nikaja humu nikaandika kwa majigambo kwamba maziwa ni kiboko ya sumu, na wengi wenu mkanigongea pongezi.

Siku ya nne nilimwita hakuja. Alikuwa amejilaza chini ya gari, anahema juu juu. Nikamfunua mdomo: fizi nyeupe kama karatasi. Alikuwa anavujia damu kifuani, ndani kwa ndani, na nje hakuna hata tone.

Daktari wa mifugo alipompokea aliniuliza kitu kimoja kabla ya vyote: "Pakiti iko wapi?" Nilikuwa nimeichoma moto siku ile ile, kwa hasira.

Sasa sikilizeni. Sumu nyingi za panya za siku hizi (kwenye lebo mtakuta majina kama brodifakumu au bromadioloni) haziui kwa kuunguza tumbo. Zinauzuia mwili usiweze kuitumia tena vitamini K yake. Bila hiyo, ini linashindwa kutengeneza viini vya kugandisha damu. Vile vilivyokwisha kutengenezwa vinaendelea kufanya kazi kwa siku kadhaa, na vikiisha ndipo damu inaanza kutoka mahali popote: puani, kwenye mapafu, kwenye maungio, tumboni. Kwa kawaida dalili huanza kuonekana siku ya 3 mpaka ya 5, wakati mwingine hata baadaye. Kwa hiyo zile siku tatu nilizokuwa nashangilia, sumu ilikuwa haijaanza hata kuonyesha makucha. Niliyapa maziwa sifa ambayo hayakuifanyia kazi.

Aliongezewa damu, akameza vitamini K1 kwa wiki nne, yuko hai. Lakini laiti ningempeleka siku ile ile, angetapishwa kitaalamu, akaanzishiwa vidonge, na asingefikia kuongezewa damu.

Hivyo nimekuja kufuta niliyoandika. Mambo niliyofundishwa pale kliniki, kwa mpangilio ambao natamani ningekuwa nao siku ile:

Muondoe mbwa kwenye sumu, na sumu kwenye mbwa. Mfungie mbali, na wale wengine kama unao. Kilichobaki mdomoni kitoe kwa kitambaa au glovu, ukiweza bila kung'atwa. Halafu angalia saa. Andika ni saa ngapi umemkuta na mara ya mwisho ulimwona salama saa ngapi. Utashangaa jinsi ambavyo dakika kumi baadaye hutakumbuka.

Kisha simu. Hii ndiyo huduma ya kwanza yenyewe wakuu, hata kama haionekani ya kishujaa. Mpigie daktari wa mifugo, au kituo cha simu cha sumu kama nchi yako inacho. Ataka kujua uzito wa mbwa, amekula nini, kiasi gani, lini, na sasa hivi anaonekanaje. Soma lebo yote, hasa jina la kemikali na asilimia yake. Maneno "sumu ya panya" peke yake hayamsaidii, kwa sababu kuna sumu za panya za aina nyingi na matibabu yake hayafanani hata kidogo. Kama hakuna pakiti, chukua mabaki au matapishi kwenye mfuko, yapige picha, nenda nayo.

Na usimtapishe mpaka umeambiwa. Nitalirudia hili mkiniuliza, maana najua mtaniuliza.

---

Sauti ya Geti

Mkuu pole kwa yaliyokukuta, ila usitufungie njia. Mimi nimeponya mbwa watatu kwa maziwa na mmoja alikuwa tayari anatoa povu. Daktari yuko mbali, mbwa anakufa mbele yangu, nikae nashika simu?

---

mzee_wa_mkia

Sauti ya Geti, sikubishii kwamba mbwa wako walipona. Nakuuliza: walikula sumu gani, na kiasi gani? Mbwa aliyelamba kidogo atapona hata ukimpa maji, hata ukimwimbia. Sisi tunawahesabu waliopona tu. Aliyekufa na maziwa tumboni tunasema "sumu ilikuwa kali".

Na huyo wa povu ndiye anayenitisha zaidi. Mbwa anayetoka mate na povu mara nyingi hamezi sawasawa. Ukimmiminia kitu anapaliwa, maziwa yanaingia kwenye mapafu, na sasa una matatizo mawili. Mafuta ndiyo mabaya kuliko yote kwa hilo. Tena zipo sumu ambazo zikikutana na mafuta tumboni huingia mwilini upesi zaidi.

Chumvi ndiyo usiiguse kabisa. Chumvi nyingi inapandisha sodiamu kwenye damu, ubongo unaathirika, mbwa anapata degedege na anaweza kufa kwa chumvi hata kama sumu yenyewe ingemwacha. Kidole kooni nacho hakimtapishi mbwa kama binadamu. Utaumiza koo lake na utang'atwa.

---

msaidizi_kliniki

Naomba niingie hapa. Mimi si daktari, ni msaidizi kwenye kliniki ya wanyama, lakini haya nayaona kwa macho.

Kuhusu kutapisha: kuna vitu ambavyo vinaunguza vikishuka na vinaunguza tena vikipanda. Tindikali, dawa za kuzibua mabomba, dawa kali za kusafishia choo, betri. Hivyo usimtapishe kamwe. Mafuta ya taa, petroli na thina ni vyepesi, akitapika yanaingia kwenye mapafu kirahisi mno. Sabuni zenye povu jingi vilevile. Na usimtapishe mbwa aliyelegea, anayeyumba, anayetetemeka, aliyepoteza fahamu, au ambaye tayari anatapika mwenyewe. Mbwa wa pua bapa kama bulldog na pug wako kwenye hatari ya kupaliwa hata wakiwa wazima, hao waachie kliniki.

Kwa wengine, kutapisha kuna maana kama kumefanyika mapema, kwa kawaida ndani ya saa 2 hivi, na hata hapo hakitoki chote. Mara nyingi kinachotoka ni kama nusu. Kliniki tunatumia sindano ya apomofini, mbwa anatapika ndani ya dakika chache. Nyumbani, kitu pekee ambacho daktari anaweza kukuelekeza kwa simu ukiwa mbali sana ni haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, na ni hiyo 3 tu. Iliyo kali zaidi, kama ya kupaka nywele, inachoma tumbo. Kiasi huwa ni karibu mililita 2 kwa kilo moja ya uzito, na jumla haizidi 45 hata mbwa awe mkubwa namna gani. Hata hiyo ya 3 inaweza kumwachia vidonda tumboni, ndiyo maana nasema baada ya simu, si badala ya simu.

Mkaa: najua wapo wanaosaga mkaa wa jikoni au mkate ulioungua. Mkaa wa dawa ni kitu kingine, umetengenezwa uwe na vitundu vidogo vidogo visivyo na hesabu vya kunasa sumu. Na hata wenyewe haunasi kila kitu. Vyuma, pombe, mafuta ya taa vinaupita hivi hivi. Ukimpa mbwa aliyelegea ukaingia mapafuni, huo hautoki.

---

dada_manyoya

Samahanini naingilia uzi. Mbwa wangu mdogo kilo 8 ameiba chokoleti SASA HIVI, ile nyeusi, gramu 100, imebaki kipande kidogo tu. Kama dakika 40 zimepita. Anacheza tu, hana dalili yoyote. Nisubiri nione au?

---

msaidizi_kliniki

Usisubiri dada. Chokoleti ina theobromini, sisi tunaiondoa mwilini haraka, mbwa polepole sana. Chokoleti nyeusi ina takriban miligramu 5 kwa gramu moja. Gramu 100 ni kama 500. Gawa kwa kilo 8, unapata zaidi ya 60 kwa kilo. Kuanzia 20 mbwa huanza kutapika na kuhangaika, 40 mpaka 50 moyo unaenda mbio vibaya, kwenye 60 degedege linaweza kuja. Ingekuwa ya maziwa, kiasi hicho hicho kingekuwa chini ya nusu ya hapo. Unga wa kakao mtupu ungekuwa mbaya zaidi.

Kucheza kwake kusikudanganye, dalili huchukua saa kadhaa. Mpigie daktari wako sasa, mwambie hesabu hiyo, na anza safari. Beba karatasi ya chokoleti. Na angalia kwenye viambato kama kuna zailitoli.

---

dada_manyoya

Nimepiga, kaniambia nije moja kwa moja nisimpe kitu. Niko njiani na jirani anaendesha. Zailitoli haipo. Ni nini kwanza?

---

mzee_wa_mkia

Tunakusubiri dada. Nitakujibu hapa ili na wengine wasome.

Zailitoli ni sukari mbadala, kwenye lebo jina lake linaanza na herufi X. Ipo kwenye bazoka zisizo na sukari, peremende, dawa za meno, baadhi ya siagi za karanga na dawa za maji za watoto. Kwa binadamu haina neno. Kwa mbwa, kongosho linadhani ni sukari ya kweli, linamwaga insulini, sukari ya damu inaporomoka ndani ya nusu saa mpaka saa moja. Anayumba, analegea, anazimia. Gramu 0.1 kwa kilo moja ya mbwa inatosha kuleta hilo, na ikifika 0.5 ini nalo linaweza kuharibika. Hapa ndipo kuna kitu kimoja ambacho daktari anaweza kukuruhusu: asali au maji ya sukari ya kupaka kwenye fizi wakati mko njiani. Kupaka, si kumnywesha.

---

Hasira Hasara

Wakuu wa kwangu mwaka juzi alianguka ghafla, anarusha miguu, macho yamegeuka. Tukamwekea kijiko katikati ya meno asimeze ulimi. Alikufa. Tulikosea wapi?

---

msaidizi_kliniki

Pole sana ndugu. Pengine hamkukosea kitu kilichomuua. Sumu nyingine zinakwenda kasi kuliko gari.

Ila kijiko msirudie. Mbwa hamezi ulimi. Kijiko kinavunja meno na kinahatarisha vidole vyako. Akipata degedege ondoa vitu vya kujigonga, zima taa, nyamazisha kila kitu. Kwa sumu za neva kama strikinini, na ile sumu ya konokono iitwayo metaldehaidi, mguso au kelele tu inaweza kuamsha mtukutiko mpya, kwa hiyo kumlilia sikioni na kumtingisha hakumsaidii. Angalia saa. Degedege likipita dakika 5, au yakifuatana bila yeye kuzinduka, ni hatari ya dakika hiyo hiyo. Misuli ikitetemeka muda mrefu joto linapanda. Kawaida ya mbwa ni kama 38.3 mpaka 39.2, ikivuka 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Kwenye gari fungua madirisha.

Unakumbuka kama alikuwa anatokwa mate na mboni za macho zimekuwa ndogo?

---

Hasira Hasara

Mate mengi sana. Na alijinyea, alijikojolea. Macho sikuangalia.

---

msaidizi_kliniki

Siwezi kuapa kwa kusoma tu, lakini picha hiyo inafanana na dawa za wadudu za jamii ya oganofosfati au kabamati. Zile chembe nyeusi ndogo ambazo watu hutega kwenye nyama mara nyingi ni kabamati iitwayo aldikabu. Zinazuia kimeng'enya kinachozima ishara za neva, basi kila kitu mwilini kinabaki kimewashwa: mate, machozi, mkojo, kuhara, misuli inacheza, mapafu yanajaa majimaji. Inaweza kuanza ndani ya dakika. Ipo dawa yake, atropini, lakini ni ya sindano na kipimo chake anakifuatilia daktari. Hakuna kitu cha jikoni kinachokaribia hapo.

Kama dawa imemmwagikia kwenye manyoya, mwogeshe kwa maji mengi na sabuni laini ya vyombo, umevaa glovu, kabla hajajilamba. Hiyo ni huduma ya kwanza halisi na watu wanaisahau kwa sababu wote wanawaza tumbo. Ila awe na fahamu na asiwe anatetemeka.

Jingine la usalama wenu: fosfidi ya zinki, sumu ya panya ya unga wa kijivu unaoelekea weusi. Ikikutana na tindikali ya tumbo inatoa gesi ya fosfini. Matapishi yake yananuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, na gesi hiyo inamdhuru mtu pia. Akitapika ndani ya gari, simama, fungua milango, ondokeni upande upepo unakotoka. Na usimpe chakula, chakula kinaongeza tindikali na gesi inazidi.

---

Sauti ya Geti

Haya sawa, nimeelewa. Swali la uchokozi: akiwa hapumui kabisa njiani? Hapo napo nipige simu?

---

msaidizi_kliniki

Hapo aliyekaa na mbwa anafanya kazi, mwingine anashika simu. Mlaze ubavu, pale kifua kilipo kipana (kwa mbwa mdogo shika kifua kwa mkono mmoja nyuma ya viwiko vya mbele), kandamiza mara 100 mpaka 120 kwa dakika, kifua kishuke theluthi moja hadi nusu ya upana wake, na ukiachie kirudi juu chote. Baada ya kila 30, pumzi 2 kupitia puani huku mdomo umefungwa. Lakini kama unashuku fosfidi au dawa ya wadudu, usiweke mdomo wako pale. Kandamiza tu.

Nisiwape matumaini ya uongo, wanaorudi ni wachache.

Kama anapumua ila hana fahamu: ubavu, shingo imenyooka, ulimi uvute mbele, kichwa kiinamishwe kidogo ili mate na matapishi yatoke.

---

dada_manyoya

Jamani narudi. Walimtapisha, ilitoka chokoleti nyingi na kipande cha karatasi. Wamempa mkaa wa dawa, wamemwekea dripu. Moyo wake ulikuwa umeanza kwenda kasi tulipofika, na mimi nilikuwa naona anacheza! Analala huko leo. Daktari kasema theobromini inachukua karibu saa 17 na nusu kupungua nusu tu, na kwamba wanamtoa nje kukojoa mara kwa mara kwa sababu ikikaa kwenye kibofu inafyonzwa tena. Sikuwahi kufikiria mkojo una uhusiano na chokoleti.

Asanteni. Ile hesabu niliisoma kwenye simu nikiwa na daktari upande wa pili, alisema "njoo" kabla sijamaliza.

---

mzee_wa_mkia

Mungu mkubwa, dada. Zabibu nazo ziweke juu kabatini, mbichi na kavu, zinaua figo na hakuna kiasi unachoweza kusema ni salama. Vitunguu vinavunja chembe nyekundu za damu, na dalili huja baada ya siku kadhaa, mchezo ule ule ulionifanya mimi mjinga. Na dawa zenu za maumivu msimpe kwa huruma. Ibuprofeni inatoboa tumbo na kuangusha figo, paracetamol inaharibu ini.

---

Sauti ya Geti

Nimebandika namba ya daktari kwenye mlango wa stoo na nimeuliza kabisa nani anapokea usiku. Maziwa nitakunywa mwenyewe. Mkuu, hujamaliza habari ya vidonge. Kwa nini wiki nne zote hizo? Wa kwangu akionekana mzima wiki ya kwanza si naacha?

---

mzee_wa_mkia

Hapana mkuu, hapo ndipo wengi wanawapoteza mara ya pili. Hizi sumu za kizazi kipya zinakaa kwenye ini kwa wiki nyingi. Vidonge vinampa mbwa vitamini K ya kutumia wakati sumu ikiwa bado ndani. Ukiviacha mapema, unarudi kule kule kwenye fizi nyeupe. Na iwe K1, si K3 ya virutubisho vya mifugo, hiyo haitibu sumu hii. Nilikuwa nampa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo kwa sababu K1 inafyonzwa vizuri hivyo. Nilicheka nilipoambiwa, maana hapo ndipo mahali pekee mafuta yalikuwa na kazi.

Katika wiki hizo nne hakuna kukimbia, hakuna kurukaruka, hakuna kupigana na mwenzake. Jeraha dogo linaweza kuvuja kwa muda mrefu. Kila asubuhi nilikuwa namfunua mdomo, nabonyeza ufizi kwa kidole, naachia, nahesabu. Rangi ya waridi irudi kabla ya sekunde 2.

Kidonge cha mwisho alimeza Jumapili. Jumanne, saa 48 baadaye, tukarudi kupima muda wa damu kuganda, maana kupima akiwa bado anameza vidonge kungetupa majibu mazuri ya uongo. Ilitoka sawa. Daktari akamfungua kamba, akaruka kwenye kiti changu cha gari akiwa na matope.